Kuweka fonti za Kiburma kwenye kompyuta na kuandika bila herufi kuvurugika

Wadau habari zenu. Huku Marekani kuna miji kama Fort Wayne na Indianapolis ambako sisi Waswahili tuliotoka Kongo, Burundi na Tanzania tunakaa mtaa mmoja na watu wa Myanmar, watoto wanapanda basi moja la shule, kliniki tunakaa benchi moja, na tangazo likitoka linatakiwa liwe na Kiingereza, Kiswahili na Kiburma, lugha yao, kwenye karatasi hiyohiyo. Sa mara nyingi anayepewa kazi ya kulipanga hilo tangazo ni mmoja wetu anayejua kompyuta, na Kiburma hajui hata herufi moja. Ndo ninayemwandikia.

Mi nilipewa kipeperushi cha chanjo ya mafua, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiburma. Mtafsiri akanitumia maandishi kwa imeili, nikakopi nikapesti, nikaona herufi za mviringo mviringo zimejaa ukurasa nikajua kazi imeisha, nikaprinti. Siku ya kugawa nikampa mama mmoja wa makamo, akakishika karibu na macho, akakisogeza mbali, akageuza upande wa Kiswahili, akarudi tena upande wa kwake, alafu akanirudishia kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umegusa kiwiko, ile heshima ambayo hata kwetu tunampa mtu mkubwa. Hakusema neno. Mjukuu wake ndo aliniambia, anko, haya maneno yamevunjika hayasomeki. Iliniuma sana, maana yule mama alikuja kwa ajili ya habari ya afya yake na sisi tukampa karatasi yenye takataka kwa lugha yake mwenyewe.

Kwaiyo kabla hujadaunlodi chochote elewa kwanza kwamba kuna shida mbili tofauti na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni viboksi, yaani unafungua faili unaona vimraba vitupu vimejipanga kama matofali. Hapo kompyuta yako haina fonti yenye hizo herufi, basi. Hii ndogo, unaiweka fonti inaisha. Ya pili ndo ile yangu mimi, herufi za Kiburma zinaonekana kabisa ila zimepandana hovyo, na katikati ya maneno kuna viduara vilivyochorwa kwa vitone vitone kama nafasi iliyoachwa wazi. Hapo fonti unayo, ila maandishi yenyewe yaliandikwa kwa mfumo mwingine unaoitwa Zawgyi, na hata uweke fonti ishirini za Unicode, ule mfumo rasmi wa dunia nzima wa kuzipa herufi namba, hayatakaa sawa mpaka yageuzwe.

Waliopita madrasa wataelewa hili haraka. Herufi ب ikiwa mwanzo wa neno ina umbo lake, katikati ina lingine, mwisho lingine, lakini mwalimu hakukufundisha kwamba hizo ni herufi tatu, ni be ileile imebadilisha mkao kufuatana na majirani zake. Kiburma nacho kiko hivo, tena zaidi, kuna herufi inamkumbatia mwenzake kuanzia kushoto, kuna inayoning'inia chini ya nyingine, kuna irabu inayotamkwa baada ya konsonanti lakini inachorwa mbele yake. Unicode inachofanya ni kuipa kila herufi namba moja tu, inazihifadhi kwa mpangilio mmoja unaoeleweka, alafu kazi ya kuchora mkao inaachiwa kompyuta na fonti. Namba za Kiburma zinaanzia U+1000 mpaka U+109F, ziliingia mwaka 1999, zikarekebishwa vizuri kwenye toleo la 5.1 la mwaka 2008.

Shida ni kwamba Windows yenyewe haikuja na uwezo wa kuchora Kiburma mpaka Windows 8, mwaka 2012. Miaka hiyo watu walikuwa wanataka kuandika na hawawezi kusubiri, ndo Zawgyi ikashika. Yenyewe ilichukua namba zilezile za Unicode ikazipa maumbo yake, herufi moja ikapewa namba kadhaa kufuatana na mkao, kwaiyo ilifanya kazi kwenye kompyuta yoyote hata isiyojua chochote kuhusu Kiburma. Alafu 2014 kampuni mpya za simu zikaingia Myanmar, laini ambazo kabla ya hapo bei yake ilikuwa haishikiki zikawa rahisi ghafla, watu kwa mamilioni wakaingia intaneti kwa mara ya kwanza wakiwa na simu zenye Zawgyi tayari. Siwalaumu kabisa, ile ndo ilikuwa njia iliyokuwepo. Serikali yao ikapanga tarehe 1 Oktoba 2019 iwe siku ya nchi nzima kuhamia Unicode, na wengi wamehama, ila mafaili ya zamani bado yapo, na watafsiri walioondoka nyumbani zamani wengine bado wanaandika vilevile walivyozoea.

Tazama neno moja tu uone. Hili ni jina la nchi yao kwa Unicode: မြန်မာ. Namba zake ni 1019, 103C, 1014, 103A, 1019, 102C. Mtu wa Zawgyi akiandika neno hilohilo namba zake ni 103B, 1019, 1014, 1039, 1019, 102C. Zote sita sita, na kila mmoja kwenye fonti yake anaona neno moja lililonyooka. Ila ukileta ya Zawgyi kwenye fonti ya Unicode inatokea hivi: ျမန္မာ. Kwa Zawgyi 103B ni ule mkono unaoikumbatia herufi na unatangulia mbele, kwa Unicode 103B ni herufi nyingine kabisa inayoshikilia upande wa kulia wa konsonanti, sasa ikikaa mwanzo wa neno haina wa kumshikilia, ndo kompyuta inachora kile kiduara cha vitone. Na 1039 kwa Zawgyi ni kialama kidogo cha juu, kwa Unicode ni amri ya kusema inayofuata ishushwe chini, kwaiyo ile herufi ma ya pili inatumbukia chini ya herufi na. Neno moja la nchi limeshavunjika sehemu mbili, sasa piga picha ukurasa mzima.

Na kuna jambo lingine linanigusa. Namba ambazo Zawgyi ilizichukua kwa ajili ya mikao yake zilikuwa zimetengwa kwa lugha nyingine za Myanmar, za Wamon, Washan, Wakaren. Mfano U+1061 ni herufi ya Kikaren cha S'gaw, kwenye Zawgyi imekuwa kha ya kuning'inia. Maana yake simu ya Zawgyi haiwezi kuandika Kikaren sawasawa. Kule St. Paul, Minnesota, Wakaren ni wengi sana, na ukiwa unawaandalia kitu wao usiguse kabisa Zawgyi.

Haya tuanze kazi.

Hatua ya kwanza ni fonti. Kama una Windows 10 au 11, fonti ya Unicode unayo tayari inaitwa Myanmar Text, fungua Word, kwenye kile kisanduku cha fonti andika jina hilo utaiona. Mac nayo inakuja na Myanmar MN na Myanmar Sangam MN. Kwaiyo kwa kusoma tu huhitaji kudaunlodi kitu. Kwa kazi ya kuprinti mi nashauri uongeze mbili, Padauk ya shirika la SIL na Noto Sans Myanmar ya Google, zote bure na zote zinapatikana Google Fonts. Padauk naipenda zaidi kwa vipeperushi kwa sababu imetengenezwa kwa kufikiria lugha zote zinazotumia herufi za Kiburma, Kikaren na Kishan vikiwemo. Noto ni nzuri kwa vichwa vya habari kwa kuwa ina unene wa aina nyingi, na jina lake lenyewe linatokana na nia ya kuondoa vile viboksi, ambavyo mafundi wanaviita tofu. Usidaunlodi fonti ya Kiburma kwenye tovuti yoyote tu uliyoikuta, nyingi zimeandikwa Myanmar kwa nje na ndani ni Zawgyi.

Faili litakuja limefungwa kama zipu. Kwenye Windows usiifungue fonti ukiwa bado ndani ya zipu, bonyeza kulia kwenye zipu, chagua "Extract All", alafu ingia kwenye folda iliyotoka, tafuta mafaili yanayoishia na .ttf, yachague yote, bonyeza kulia, chagua "Install for all users" kama kompyuta ni ya ofisi na mnaitumia watu wengi, au "Install" kama ni ya kwako. Kwenye Mac unabonyeza faili mara mbili, Font Book inafunguka, unakubali kuinstoli. Kwenye Linux tengeneza folda ~/.local/share/fonts kama haipo, weka mafaili humo, alafu andika fc-cache -f kwenye terminali, na ukitaka kuhakikisha andika fc-list :lang=my itakuorodheshea fonti zote zinazojua Kiburma. Wa Ubuntu na Debian wanaeza kufupisha kwa sudo apt install fonts-sil-padauk. Baada ya hapo funga Word uifungue upya, programu iliyokuwa wazi wakati unaweka fonti mara nyingi haiioni.

Kama kwenye kompyuta kuna fonti inaitwa Zawgyi-One, itoe. Nenda setingi, sehemu ya Personalization, Fonts, itafute, iondoe. Najua kuna mtu atakwambia iache tu itasaidia kusoma mafaili ya zamani, lakini kwa kuwa inatumia namba zilezile, kompyuta inaeza kuichagua yenyewe kuonyesha maandishi ya Unicode, ukaanza kuona vurugu kwenye kitu ambacho kilikuwa kizima.

Hatua ya pili, jaribu kama fonti inachora kweli. Kuwepo kwenye orodha haitoshi. Kopi haya maneno manne uyapesti kwenye programu utakayotumia kupanga kazi, yapake Padauk, yaani yachague uyawekee fonti hiyo, yakuze mpaka ukubwa wa 48, alafu angalia kwa macho yako:

မြန်မာ
မန္တလေး
သင်္ဘော
ကြောင်

La kwanza nimeshalieleza. La pili ni Mandalay, ule mji mkubwa, hapo lazima uone herufi moja ndogo imekaa chini ya nyingine mwanzoni mwa neno, zikikaa pembeni kwa pembeni ujue programu haijui kuchora. La tatu ni meli, angalia juu ya ile herufi kubwa ya katikati, lazima kuwe na kialama kidogo kama kindoano kimepanda kichwani. La nne ni paka, na ndo kipimo kikali kuliko vyote, herufi ya kwanza kabisa kushoto iwe ile ေ, inafuatiwa na က iliyozungushiwa mkono kutoka kushoto kwake. Ukiona viduara vya vitone kwenye lolote kati ya haya manne, fonti ni sawa ila programu ni ya zamani, iapdeti au tumia nyingine.

LibreOffice, ile programu ya bure inayofanana na Word, inahitaji kitu kimoja zaidi. Yenyewe inahesabu Kiburma kwenye kundi la maandishi yenye mpangilio mgumu, kwaiyo kuna fonti ya Kiswahili na Kiingereza na kuna fonti ya kundi hilo peke yake. Ingia Tools, Options, Language Settings, Languages (matoleo mapya ni Languages and Locales, General), washa sehemu ya Complex text layout na uchague Burmese, ndo utaweza kuiwekea Padauk. Watu wanabadilisha fonti juu pale na hakuna kinachotokea, wanadhani fonti mbovu. Kwa wanaotumia InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, ingia menyu ya paragrafu uchague Adobe World-Ready Paragraph Composer, na uwe na toleo la karibuni.

Hatua ya tatu ni kibodi, na hii kama huandiki mwenyewe unaeza kuiruka, ila mi nashauri uiweke maana kuna siku atakuja kijana wa Kiburma kukaa kwenye kiti chako akurekebishie neno moja, asikute hana pa kuandikia. Windows nenda Settings, Time & language, Language (Windows 11 ni Language & region), ongeza lugha, tafuta Burmese. Utakuta kibodi za aina mbili, moja inaitwa Phonetic order na nyingine Visual order. Phonetic unabonyeza konsonanti kwanza irabu baadaye, kama inavyotamkwa. Visual unabonyeza kama jicho linavyoona, ile ေ inatangulia, na kibodi yenyewe inapanga. Waliozoea Zawgyi wape Visual, watakushukuru. Kubadilisha kati ya Kiswahili na Kiburma unashika kitufe cha Windows na kugonga spesi. Mac ni setingi za kibodi, Input Sources, unaongeza Burmese.

Hatua ya nne ndo kiini chenyewe, maandishi uliyotumiwa. Usianze kupanga kitu kabla ya kujua ni Unicode au Zawgyi. Yapesti kwenye ukurasa mtupu, yapake Padauk, yakuze. Ukiona viduara vya vitone mwanzoni mwa maneno mengi, ni Zawgyi. Ukiona kimoja tu kwenye ukurasa mzima, hilo ni kosa la kuandika la mtafsiri, mrudishie. Na pia muulize tu, umeandikia Unicode au Zawgyi, ni swali la kawaida kabisa kwao wala hatokuona wa ajabu.

Ikiwa ni Zawgyi tumia kigeuzi, kipo kimoja cha bure kinaitwa Rabbit, unapesti upande mmoja inatoka Unicode upande wa pili. Ila geuza mara moja tu, na ugeuze kile ulichohakikisha ni Zawgyi. Ukiingiza maandishi ambayo tayari ni Unicode yanaharibika, na huyo mtu wa pili atakayeyapokea atajaribu kuyageuza tena, yanaharibika zaidi, mpaka hakuna anayejua mwanzo yalikuwaje. Hifadhi faili la asili pembeni usiliguse. Na usikopi Kiburma kutoka kwenye PDF, hata kama PDF inaonekana safi, ukikopi mpangilio wa herufi unachanganyika kwa namna ambayo kigeuzi hakiwezi kuokoa, omba faili la Word.

Kwenye kupanga ukurasa kuna mambo machache. Kiburma kina vitu juu na chini ya herufi, kwaiyo nafasi ya mistari unayotumia kwa Kiswahili itakata vichwa, mi naweka 1.5 na siweki kabisa ile ya kipimo kamili inayoitwa Exactly. Usitanue nafasi kati ya herufi ili kujaza mstari, inavunja mikao. Usilaze maandishi (ile italiki), tumia unene ukitaka kusisitiza. Na kwa kuwa wao hawaachi nafasi kati ya neno na neno kama sisi, nafasi zao zinakuja kati ya mafungu ya maneno, programu inaeza kukata mstari katikati ya neno na wewe usijue, kwaiyo usikate mistari kwa Enter kwa kubahatisha, muulize msomaji wapi pa kukata.

Namba za simu na tarehe zitazame mara mbili. Sifuri yao ni ၀ na herufi wa ni ဝ, saba ni ၇ na herufi ra ni ရ, kwa macho ni mapacha. Watu wanaandika herufi mahali pa namba kwa miaka mingi, kwenye karatasi haionekani, ila mtu akibonyeza namba ya kliniki kwenye simu yake haipigi. Mi kwa namba za simu natumia tarakimu za kawaida, 0 mpaka 9, wanazisoma wote.

Mwisho ni kumpa mtu asome kabla ya kuprinti, na hapa kuna mtego. Usimtumie maandishi matupu kwa meseji. Kama simu yake bado ina Zawgyi, maandishi yako mazima ya Unicode yatatokea kwake yamevunjika, atakwambia mbovu, wewe utaanza kuhangaika kurekebisha kisichoumwa. Mtumie PDF au picha ya ukurasa, hapo anaona kile kile kitakachotoka kwenye printa. PDF itengeneze kwa Save As ndani ya Word ili fonti ziingie ndani ya faili, na kama wa duka la kuprinti anataka faili la Word lenyewe, ingia File, Options, Save, weka tiki kwenye Embed fonts in the file.

Kipeperushi kile nilikirudia chote, nikakaa na yule mjukuu jioni moja akasoma mstari kwa mstari kwenye skrini, tukakuta sehemu mbili mtafsiri alikosea na mahali patatu mstari ulikatwa katikati ya neno. Faili nikalipa jina linaloishia na UNI, na sasa kila faili la Kiburma ninalolihifadhi naweka hivo, UNI au ZG mwishoni mwa jina, ili atakayelifungua mwakani ajue kabla hajalipeleka kwenye kigeuzi.